Miaka Yangu ya Kuangalia Kope

Yusta na Onesmo, mfuko niliwakabidhi ukiwa na kila kitu isipokuwa haya ninayoyaandika. Yalikuwa hayaingii kwenye mfuko.

Najua neno kustaafu linawachekesha. Nina miaka thelathini na mitatu, na kaka yangu huniuliza kila asubuhi kama mvi zimeshaota. Lakini kazi niliyoianza nikiwa na miaka kumi na tisa sasa inataka cheti cha chuo, na mimi cheti sina. Nilikuwa na madaftari kumi na saba na jozi ya viatu iliyoisha kisigino cha kushoto. Mlipofika na vyeti vyenu nilifurahi, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, nikarudi nikawapikia chai. Mliisifu chai. Haikuwa na sukari.

Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko. Mkutano wa kijiji ulitaka mhudumu wa afya wa kujitolea, mwenyekiti akauliza nani anaandika vizuri, watu wakanigeukia. Hakuna aliyeuliza kama ninajua chochote kuhusu mwili wa mtu. Sikujua. Siku ya kwanza nilimaliza nyumba mbili tu, kwa sababu kwenye nyumba ya tatu nilikosea kuandika jina la mtoto, nikarudi nyumbani kunakili ukurasa wote upya. Ndivyo nilivyokuwa. Kosa moja kwenye ukurasa liliniwasha kama upupu.

Semina tulipewa ya siku chache, mengine nikajifundisha. Muuguzi wa zahanati yetu, Mama Kolumba, alinipa kitabu cha uuguzi kisicho na jalada, kilichoanzia ukurasa wa thelathini na moja. Nilikisoma kwa kamusi mpaka nikakikariri. Hadi leo sijui kurasa thelathini za kwanza zinasema nini, na huwa ninaziota.

Mama Kolumba alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakupanda mlima bila kusimama mara tatu. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anatazama. Siku moja tulisimama juu ya njia ya kwenda Kitura, ng'ambo kukiwa na mashamba ya ngoro. Onesmo, wewe si wa huku, kwa hiyo nikueleze: mteremko wetu ni mkali, mvua ikija inabeba shamba lote. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga mraba mraba, kisha wanawake wanachimba katikati na kuyafunika kwa udongo, shimo moja baada ya jingine, mpaka mlima unaonekana kama sega la nyuki. Mashimo ni kazi ya mwanamke. Na kwa mashimo hayo ndiyo anasifiwa au anasengenywa.

"Unaona lile shamba la chini?" Mama Kolumba akaniuliza. "Mashimo ya juu makubwa, ya chini madogo."

"Alikuwa na haraka," nikasema.

"Mwenye haraka anayafanya machache. Huyu aliishiwa nguvu."

Ndipo akaniambia maneno ambayo ningeyaweka mwanzoni mwa kila semina. "Hapa mwanamke akikwambia amechoka, mbebe umpeleke hospitali, maana ameshakufa nusu. Asiyekwambia ndiye kazi yako. Usimuulize kama amechoka. Muulize ameacha kufanya nini."

Swali hilo lilinifanyia kazi miaka yote niliyolikumbuka. Mama mmoja wa upande wa Namswea aliacha kujibu salamu kwa sauti, maana sauti yake ilikuwa imekuwa nzito kama ya kaka yake. Alivaa sweta jua likiwaka, uso ulimvimba asubuhi, nywele zilibaki kwenye kitana, na choo alikipata kwa tabu. Majirani walishapata jina la mchawi. Mama Kolumba alimpapasa shingo, akamwandikia barua akapimwe tezi. Mwingine aliacha kwenda kwenye misiba kwa sababu alishindwa kukaa muda mrefu bila kwenda kukojoa, na kiu haikumwisha. Hao wote wangeniambia "mzima tu, ni kazi". Kila mwanamke wa huku ni mzima tu, ni kazi.

Sasa nifike kwa Merina, kwa sababu kama si yeye nisingeandika.

Merina alitoka ziwani, upande wa Liuli, akaolewa na Gervas kijijini kwetu. Alikuwa amenizidi miaka sita au saba. Kwao walikuwa Waanglikana, akaingia Ukatoliki kwa ndoa, na Jumapili ya kwanza akaingia kwaya. Mimi nilikuwa naimba kwa woga, nikihesabu noti. Akaninong'oneza, "Imelda, acha kuhesabu, utafika tu." Tangu siku hiyo tulikaa pamoja. Alinisuka nywele, aliniita kwa jina wakati wengine walianza kuniita daktari kwa kejeli, na alikuwa mtu wa pekee niliyeweza kumwonyesha ukurasa wenye kosa.

Mashemeji zake hawakumpenda sana. "Watu wa ziwani jembe hawalijui," walimwambia. "Wamezoea samaki anakuja mwenyewe." Yeye akawajibu kwa kuchimba ngoro kuliko wote. Miaka minne mfululizo mstari wake ulikuwa mbele.

Mwaka wa tano, mwezi wa tatu, mstari wake uliishia katikati ya mteremko. Niliuona kutoka ng'ambo. Nilisimama palepale Mama Kolumba aliposimama, nikaona mashimo yanapungua ukubwa, halafu yanaisha, majani yamebaki wazi. Na nikaendelea na safari, kwa sababu kwenye fomu yangu hapakuwa na sehemu ya kuandika mashimo.

Kazi yetu wakati ule ilikuwa na kadi. Kila nyumba ilikuwa na kadi yake, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikifika naandika mtoto sawa, mama sawa, au mama apelekwe zahanati, naweka sahihi, kisha nanakili kwenye daftari langu. Kwa upungufu wa damu tulifundishwa kutazama viganja na ndani ya kope la chini. Kitabu changu kilisema usiguse jicho la mtu bila kunawa kwa sabuni. Nami nilikitii. Msimu wa kahawa wanawake wako mashambani au kwenye mashine ya mkono ya kumenya, maji yako bondeni, sabuni sina. Basi nikajitungia utaratibu safi: kope naacha, natazama viganja.

Viganja vya wanawake wanaochuma kahawa, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, vina rangi ya kutu. Utomvu unaingia kwenye mistari ya mkono na hautoki kwa wiki kadhaa. Nilivitazama viganja vya Merina mara tatu msimu ule, mama mkwe wake akiwa amesimama pale na ungo. Niliuliza, "Unajisikiaje?" Akajibu, "Mzima tu, ni kazi." Mara tatu nikaandika: Mama, sawa. Kwa mwandiko mzuri.

Kahawa ilipoisha, Jumapili moja padre alisema tupeane amani. Nikageuka nikampa Merina mkono. Alikuwa amevisugua viganja kwa limau na majivu, kama wanawake wote siku ile. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na kiganja kilikuwa cheupe. Si cheupe cha usafi. Hata ile mistari ya mkono, ambayo kwa mtu mzima huwa na wekundu kidogo, haikuwa nao. Nilikishika kile kiganja muda mrefu kuliko amani inavyohitaji.

"Vipi, umenikosea nini?" akanong'ona akicheka. Kisha wimbo ukaanza, na ndipo nikagundua kwamba anachezesha midomo tu.

Nilipaswa kusema palepale mlangoni pa kanisa. Sikusema. Nilikwenda nyumbani, nikafunga mlango, nikafungua daftari. Nilikuwa na desturi ya kunakili kurasa zenye makosa, kwa hiyo mkono wangu haukuona ajabu. Nilinakili kurasa tatu. Palipoandikwa sawa nikaandika: ana dalili, aangaliwe tena. Za zamani nikazichoma. Nilijiambia kesho nitakwenda kumtazama, na kila kitu kitakuwa kimenyooka.

Kesho yake kabla sijatoka nikaitwa kwenye kikao cha ukoo wa Gervas. Niliambiwa nije na daftari.

Walikuwa wamekaa uani. Baba mkubwa wa Gervas, mzee Ditriki, alikuwa kwenye kiti. Gervas mwenyewe kwenye gogo, anatazama miguu yake. Mama mkwe na wanawake wengine walikaa kwenye mkeka upande mmoja. Merina alikuwa kwenye mkeka wake peke yake, binti yake mdogo, Tuzo, amelala mapajani.

"Shikamooni."

"Marahaba, bibi kadi," akasema mzee Ditriki. "Kaa utusaidie kusoma, sisi macho yamekwisha. Huyu mwenzetu ngoro hakumaliza. Kahawa alichuma kwa kukaa kama anayepeta mchele. Maji anachota kidumu, ndoo ameiacha. Hatumfukuzi. Tunamrudisha kwao ziwani apumzike, maana anapenda kupumzika. Watoto watabaki. Lakini tusije tukaambiwa tumemfukuza mgonjwa. Ndiyo maana tunataka kadi."

Kadi ilikuwa mkononi mwa mama mkwe. Nikaipokea. Nikasoma. "Mama, sawa. Mama, sawa. Mama, sawa."

"Mwandiko mzuri," akasema mzee. "Kama wa mwalimu. Mtu mzima asiyelima tunamwitaje?"

Merina alikuwa ananitazama. Hakuniomba kitu kwa macho. Alikuwa ananitazama tu kama mtu anavyotazama mvua kujua kama inakuja.

"Na daftari linasemaje? Yalinganishwe, tumalize."

Nilikuwa na daftari lililosema aangaliwe tena. Ningeweza kulisoma, nikasema kadi ndiyo nilikosea kuandika kwa haraka, na Merina angepona na mimi ningepona. Nanyi mngenielewa. Nililifungua, nikaona mwandiko wangu umelala vizuri kwenye mistari. Nikaogopa kwamba nikianza kusoma sitaacha kusema uongo maisha yangu yote.

"Daftari msilitumie," nikasema. "Nimelibadilisha jana. Kadi ndiyo ya mwanzo, na hiyo kadi nilikosea. Sikumwangalia. Nilitazama rangi ya kahawa."

"Kwa hiyo umetudanganya mara ngapi?"

"Mara nne, baba. Tatu kwa kutojua, moja kwa kujua."

Mzee Ditriki akageuza kichwa, akatema mate pembeni. "Afadhali umehesabu."

Niliomba maji na sabuni. Nikanawa mbele yao mpaka viwiko, sabuni ikaniponyoka mara mbili. Nikapiga magoti kwa Merina nikavuta kope la chini. Lilikuwa jeupe kama ndani ya ganda la yai. Nikamwomba mama mkwe aje nitazame na lake, ili waone tofauti. Lake lilikuwa jekundu kama nyanya.

"Hebu na mimi," akasema shangazi mmoja. Baada ya muda kidogo ukoo mzima ulikuwa unavutana kope uani. Mzee Ditriki naye alivutwa lake na mkewe, akaambiwa ni jekundu kwa pombe. Halafu wakarudi mmoja mmoja kumtazama Merina, na kila aliyerudi alikaa chini.

Ndipo nilipolikumbuka swali. "Dada Merina, umeacha kufanya nini?"

Alifikiri. "Kuimba. Pumzi inaisha katikati. Tuzo nimeacha kumbeba nikipanda. Kulala chali nimeacha, moyo unagonga masikioni. Nikiinama nimeacha kuinuka haraka, naona giza." Akamgeuza Tuzo mapajani. "Kula udongo ndiko sijaacha."

"Niliona ukutani pamemegwa," mama mkwe akasema polepole. "Nikadhani una mimba nyingine, unanificha."

Mengine hayakuwa ya kusemwa mbele ya wanaume. Wanawake tukahamia jikoni. Damu yake ya mwezi ilikuwa inakaa siku kumi na moja, kwa zaidi ya mwaka. Alikuwa anafua vitambaa alfajiri ili asionekane. Aliona ni mwili wake tu. Akasema, "Nani angeniuliza?" Nilikuwa nimeshika mkono wake aliposema hivyo, akautoa.

Gervas ndiye aliyekwenda kutafuta bodaboda. Alimkalisha katikati, yeye nyuma amemshikilia, mpaka zahanati. Mama Kolumba alipima tone la damu, akaniangalia, hakunigombeza, akaandika barua ya hospitali ya wilaya. Huko Merina aliongezwa damu, baadaye akafanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Akapona. Suala la kurudishwa halikutajwa tena pale uani, na mwaka uliofuata mzee Ditriki mwenyewe aliwatuma vijana wamalizie mstari wake.

Mimi nilizirudia nyumba zote, na kidumu cha maji na kipande cha sabuni kwenye mfuko. Ndiyo maana mmekikuta kile kidumu, Onesmo, si cha kunywa. Nilivuta kope za kijiji kizima, nikawakuta wengine wawili. Waliniita bibi kope. Nililipenda jina hilo kuliko daktari.

Merina alikwenda kwao ziwani kupata nguvu. Nilimfuata. Nilipanda lori la mahindi mpaka chini, nikafika nikiwa na vumbi hadi kwenye meno, na vidonge vyake vya kuongeza damu nimevifunga kwenye leso. Alikuwa anageuza usipa, dagaa wa kwao, kwenye chanja pamoja na mama yake. Nilitazama mikono yao bila kutaka. Huko wanawake huloweka muhogo, viganja vyao vyote ni vyeupe, nami nikajifunza kwamba kila mahali pana namna yake ya kunidanganya. Kumeza vidonge kwa chai nilimkataza, nikamwambia choo kitakuwa cheusi asiogope. Nilisema yote ya kitabuni. Kisha nikasema samahani.

Aliendelea kugeuza samaki mpaka mwisho wa chanja. "Imelda, sina ugomvi na wewe. Pale uani ulisema, nilisikia. Lakini ulinishika mikono mara tatu. Mimi nilifikiri umeona, umenyamaza kwa sababu hakuna la kufanya. Nilikuwa najiandaa kufa, nikakuona wewe umetulia, na mimi nikatulia." Akajipangusa magamba. "Nitakukaribisha siku zote. Ila usiniangalie tena."

Alirudi kwa Gervas, na neno lake akalishika miaka tisa. Nilipofika kwake aliwatoa watoto niwapime, alinipa uji, alinipa kiti kizuri. Yeye alikwenda zahanati mwenyewe. Kanisani alirudi kuimba, akasimama mstari wa nyuma. Mimi nilikuwa wa mbele. Nimezisikia sauti nyingi katika maisha yangu, na bado naweza kuitambua yake ikiwa nyuma yangu kati ya watu thelathini. Sikugeuka. Kila mwaka nilidhani huu ndio atakaonisamehe, kisha nikagundua kwamba alishanisamehe siku nyingi, na kwamba hilo ni jambo tofauti na lile nililokuwa nalitaka.

Yusta, wiki iliyopita tulipokuwa tunakabidhiana nyumba, kwa Merina uliingia peke yako. Uliniuliza kwa nini nimebaki nje kwenye mibuni, nikasema nafunga kiatu. Nilimsikia anaongea. Alikwambia usingizi umekimbia, joto linampanda ghafla, siku zake zinaruka miezi, hasira zinamjia bila mwenyewe kutaka. Alisema, "Nahisi mwili unahama nyumba." Nilisogea mbali nisiendelee kusikia, maana hayakuwa yangu. Ulikaa saa nzima. Nilikuonea wivu kuliko cheti chako.

Kisha alitoka akatusindikiza, kama ilivyo desturi. Wewe ulitangulia. Alitembea pembeni yangu mpaka barabarani, hatua ndefu, pumzi yake tulivu kwenye ule mwinuko.

"Kwa hiyo umeacha kabisa," akasema.

"Nimeacha."

"Kadi huna, daftari huna."

"Sina. Yote nimemkabidhi Yusta."

Alitembea hatua nyingine kama kumi. "Basi Jumapili baada ya misa njoo ule. Njoo kama mtu tu."

Alirudi bila kusubiri jibu. Leo ni Alhamisi. Gauni nimeshalipiga pasi.